Wapelekeni stoo, wasiishie kupanga viti

Nimechoka leo lakini sitaki kulala kabla sijaandika hili. Wale vijana wetu pale makumbusho, wa miaka 15 mpaka 17, leo ndo wamemaliza kuchagua vitu vya maonyesho yao, na wamechagua wenyewe, sisi wakubwa tumekaa pembeni tukijibu maswali tu.

Sehemu nyingi kijana akija kujitolea anapewa viti apange, vipeperushi agawe, halafu eti huo ndo uzoefu. Mi sikubaliani kabisa. Vitu anavyoviona mgeni makumbusho mara nyingi ni sehemu ndogo tu, vingine vyote vimelala kwenye maboksi huko nyuma na kazi yenyewe iko hukohuko.

Walianza na kujifunza kushika. Kitu unabeba kwa mikono miwili, birika la zamani huliinui kwa kishikio maana mara nyingi hapo ndo pameshachoka, na karibu na vitu unaandika kwa penseli, kalamu ya wino unaiacha nje. Na glavu sio za kila kitu kama watu wanavyodhani, picha na vyuma ndio vinazitaka sababu jasho la vidole linaacha alama, ila karatasi mara nyingi ni bora mikono iliyonawa ikakauka, ukivaa glavu huisikii vizuri na ni rahisi kuichana.

Halafu kuna gauni la harusi ambalo binti mmoja alilipenda sana akataka likae kwenye kabati la kioo muda wote. Tukamweleza kitambaa cha namna hiyo mwanga wake usizidi kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na hata huo mdogo unakula rangi polepole, ukilirudisha gizani halipumziki likapona, kilichopauka kimepauka. Alinyamaza kidogo akasema basi likae miezi 3 halafu tuweke picha yake. Uamuzi mzuri, na ni wake.

Ila kilichonigusa zaidi ni cherehani. Kila kitu kina namba, inaanza na mwaka kilipoingia, halafu kundi la vitu kilichoingia nalo, kisha chenyewe, yani kama 1987.4.2, ukiifuata kwenye rejista unakuta nani alikitoa. Wakaifuata ya cherehani wakakuta jina la mwanaume aliyeitoa na maneno "ilikuwa ya mke wake", basi, mke hana jina. Wakaanza kubishana pale pale, mmoja anasema lebo iandikwe cherehani, chuma na mbao, tumalize, mwingine anasema huyo mama ndo aliyekanyaga hiyo pedeli miaka yote sasa anapoteaje, na lebo yenyewe tuliwaambia isizidi maneno 60 hivi kwa hiyo kila neno lina vita yake. Mwishowe wakaandika wazi kwamba rejista haikuweka jina la mwenye cherehani. Rejista ile nimeifungua mara nyingi sana na sijawahi kuona mtu mzima akisimama kwenye huo mstari kama walivyosimama wao, nasema kweli.

Sasa wanataka kuitafuta familia ya yule mzee waulize mama aliitwa nani. Nimewakubalia, barua wanaandika wenyewe wiki ijayo, na wakilipata jina tunachapisha lebo upya na kwenye rejista linaingia pia, na tarehe ya siku lilipoongezwa.