Si ya baridi, si ya moto: ninavyoonja bia kali ya maboga

Ukiagiza bia Dar, mhudumu anakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Bia ya maboga yenye pombe asilimia 8 na ushee haiingii kwenye swali hilo. Ikitoka tu kwenye friji ya nyuzi 4 inanyamaza. Unapata utamu na gesi basi. Ukiiacha ipate joto la chumba, pombe inakupanda puani na kufunika yote. Mimi naionja kati ya nyuzi 10 na 13. Kwa joto letu, dakika kumi na tano mezani zinatosha, kisha namimina robo glasi tu, chupa naitia kwenye ndoo ya maji baridi.

Glasi ni ile ya mvinyo, tumbo pana, mdomo mwembamba. Naisuuza kwa maji ya chupa. Ya bomba huwa na klorini, na mafuta yakibaki povu linakufa hapo hapo. Feni nazima. Februari ni mateso, lakini feni inapeperusha harufu ile ile unayoitafuta.

Kabla ya kufungua naweka visahani vinne: mdalasini, kungumanga, karafuu na tangawizi kavu, vyote vya Kariakoo, vimetwangwa muda huo huo. Pembeni, kipande cha boga lililochemshwa bila chumvi. Kionje uone lilivyo pole. Bill Owens, aliyeifufua bia hii Hayward, California, miaka ya 1980, alikuta ladha ya boga haionekani kwenye bia, akaongeza viungo vya pai ya maboga, kitindamlo cha Wamarekani. Kinachonukia ni hivyo viungo.

Tatizo letu ni pua iliyozoea pilau: inakamata karafuu, mtu anasema "pilau" na kuishia hapo. Nusa visahani kimoja kimoja, rudi kwenye glasi. Kungumanga, ile ya kwenye halua, mara nyingi naipata baadaye, bia ikishapungua ubaridi. Tangawizi naitafuta kooni baada ya kumeza.

Karafuu ikizidi, ulimi unakufa ganzi kama umepaka dawa ya jino. Ni mafuta yale yale. Mdalasini ukizidi unaacha ukakasi. Hayo ni makosa ya mpishi wa bia. Ikinuka karatasi iliyolowa, imeingiwa na hewa au imekaa kwenye joto. Ikinuka kicheche, imepigwa na mwanga, hasa chupa ya kijani. Chupa iliyokaa sana hupoteza viungo kwanza, ukabaki na utamu na pombe.

Chupa ya mililita 355 kwa asilimia 8.6 ina kama mililita 30 za pombe tupu. Kilimanjaro ya mililita 500 kwa asilimia 4.5 haifiki 23. Kwa hiyo naigawa kwa watu watatu. Mishikaki ya pilipili kaa nayo mbali, pombe inakoleza muwasho. Kashata ya nazi inafaa. Korosho za kukaanga, zisizo na chumvi nyingi, ndiyo chaguo langu.