Mashelisheli: trei ya juu hatimaye imekauka

Alhamdulillahi, leo nimevunja kipande cha shelisheli cha trei ya juu ya kikausho changu cha jua kikalia ka! na katikati hakinati hata kidogo. Mnaokausha mnaijua raha yake.

Maana ile trei imenitesa. Za chini zinatoka safi, ya juu vipande vinabaki vinapindika kama ngozi, ukivitia ndooni ukafunika baada ya muda vishaota koga, ndo unatupa. Na mie kikausho nimekijenga ili mashelisheli yasiozee chini ya miti, hapa Pemba yakichanganya kila nyumba inayo sasa utamuuzia nani, na likishaanguliwa siku mbili tatu lishalainika. Nkakata vyembamba zaidi, nkawa nazungusha trei, wapi. Mpaka nlipochungulia ndani mapema jua linapanda nkaona matone yamejipanga kwenye nailoni iliyofunika kikausho karibu na tundu la kutokea hewa, yanadondokea trei ile ile! Joto lipo la kutosha, mvuke ndo hauna njia. Nimepanua tundu lisizidiwe na lile la kuingilia, juu yake nkasimamisha dohani la bati lililopakwa rangi nyeusi, linapata moto linavuta hewa kutoka chini. Nailoni sasa kavu mchana kutwa.

Kabla ya magharibi vyote vinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, upepo wa usiku una unyevu na vipande vinaunywa wote. Watu wananambia anika kwenye jamvi kama karafuu, mie sikubali, shelisheli lishakatwa lina wanga na utomvu, vumbi na nzi vyote vinaganda hapo.

Kupima natumia chumvi: chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tia vipande, funga, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo bado, unyevu umezidi asilimia 15 na vipande vya kusaga unga vinataka chini ya hapo, kwa hiyo hata chumvi isipoganda nangoja na ule mlio wa ka. Kwa kukatia, kisu kikali kilichopakwa mafuta kinashinda vile vikwangulio vya plastiki, utomvu unaviziba mara moja.

Wiki hii nlipanga kusaga unga ila nimeona yale yaliyolainika ambayo hakuna anaeyataka kwa kukaanga, matamu hasa, nkayaponda nkayatandaza membamba kwenye kipande cha nailoni chenye mafuta, trei ya juu hiyo hiyo. Kingo zishaanza kubanduka zenyewe. Unga utasubiri.