Bibi wa samaki kanifundisha neno

Leo nimetoka Jagalchi, soko la samaki hapa Busan, Korea Kusini, na bado nina furaha jamani.

Mnajua nina miezi 3 tu na Kikorea, kitenzi mwishoni kila siku kinanitoa jasho. Ila kale ka "e" ka mahali nilikapenda mapema, maana kanakaa mwishoni kama "ni" yetu, sijang-e, sokoni, basi.

Sasa bibi muuza samaki akaniuliza nyumbani ni wapi, nikamjibu pole pole, nae jip, nyumba yangu, iko Tanga.

Akatikisa kichwa, akanishika mkono na ile glavu yake ya mpira imelowa maji ya baridi, akasema taratibu: uri jip.

Nyumba yetu.

Nikasimama kimya. Si ndio "kwetu" hiyo! Hata anayeishi peke yake anasema hivyohivyo, na mama ni uri eomma, mama yetu.

Nikarudia: uri jibeun Tanga-e isseoyo, nyumba yetu iko Tanga. Akacheka, akaniongezea samaki mmoja, nikampokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa.

Nyie mnaojifunza lugha, neno gani liliwakumbusha kwenu? Niambieni hapo chini.