Kumbukumbu ya roketi yangu: kwa nini nimeiacha mota ya K

Jumamosi niliibeba roketi yote, pua hadi mapezi, nikaipeleka kwa jirani yangu mwenye duka la nyama hapa Umoja, Nairobi. Mizani yake ilisoma kilo 6.5, bila mota. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika kilo 5.2. Tofauti hiyo ilitoka kwenye gundi ya epoksi, rangi, boliti za kushikia parachuti, na plywudi ya milimita 6 aliyonikatia mapezi fundi mmoja wa Gikomba. Kila kitu peke yake ni chepesi. Vikikutana, uzito wa roketi si ule tena.

Nilirudi nyumbani nikaanza hesabu ya mota upya, maana ya kwanza niliifanya kwa kutamani herufi.

Kwa ambaye hajazoea: herufi ya mota inataja jumla ya msukumo, na kila herufi inaishia mara mbili ya ile iliyoitangulia. J inaishia nyutoni-sekunde 1,280, K inaishia 2,560. Nambari inayofuata herufi ndiyo msukumo wa wastani kwa nyutoni, na hiyo ndiyo niliyoipita haraka. Mota niliyoitamani ilikuwa K yenye jumla ya 1,500, lakini wastani wake ni 250 tu, kwa sababu inaungua polepole, sekunde 6. Ina uzito wa kilo 1.6. Roketi ikiwa na mota hiyo ni kilo 8.1, sawa na nyutoni 79 hivi. Gawanya 250 kwa 79: unapata 3 na kidogo. Wanaorusha roketi kubwa hutaka angalau 5.

Hatari iko kwenye reli, ile nguzo inayoiongoza roketi inapoanza kupaa. Roketi haina usukani; kinachoishikilia ni mapezi, na mapezi hayafanyi kazi mpaka hewa ipite kwa kasi. Nikiwa na mita 2 za reli, K hiyo ingeiacha reli ikiwa na mita 9 kwa sekunde. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao kwenye mbuga za Kajiado ni wa kawaida mchana, ungeikuta roketi bado haina kasi na ingegeuza pua kuuelekea upepo, ikaondoka imelala. Nilijaribu kurefusha reli hadi mita 3 kwenye hesabu. Kasi ilifika 11 tu. Mimi nataka 15 au zaidi.

Kisha nikapima J: jumla 1,100, wastani 550, kilo 1.1, inaungua sekunde 2. Uwiano wa msukumo kwa uzito ukapanda hadi zaidi ya 7, na kwenye reli ile ile ya mita 2 roketi inatoka na karibu mita 16 kwa sekunde. Mota ya herufi ya chini ndiyo inayoondoka kwa nguvu! Kwa OpenRocket, programu ya kompyuta ya kukadiria safari ya roketi, inafika mita 750 hivi, ilhali K ingepita 1,000. Hizo mita naziacha kwa moyo mweupe.

Kuna K nyingine zenye wastani mkubwa ambazo zingetoka vizuri kwenye reli. Hizo pia nimezikataa. Parachuti ikishuka kwa mita 6 kwa sekunde kutoka mita 1,200, iko hewani sekunde 200, na upepo ule ule unaibeba kilomita nzima. Sitaki kuanza kubisha kwenye boma la mtu nikiulizia roketi. Tena nusu kilo inayoongezeka mkiani inarudisha nyuma kitovu cha uzito kwa sentimita 4 hivi, na bomba langu lina kipenyo cha sentimita 10. Kitovu hicho lazima kikae mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa kwa angalau kipenyo kimoja.

Parachuti yenyewe nayo inahitaji marekebisho. Sisi tuko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina asilimia 84 hivi ya uzito wa hewa ya Mombasa. Parachuti ile ile inashuka huku kwa kasi zaidi kwa asilimia 9. Nimeongeza kipenyo chake.

Fueli mango, yaani iliyo ngumu badala ya kimiminika, kama ya mota hizi, si jambo geni kwetu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, na roketi ya Scout iliyoipeleka ilikuwa na hatua nne, zote za fueli mango. Nikichoka kupiga msasa huwa nakumbuka hilo, napata nguvu.

Sijanunua mota yoyote. Hakuna kitakachoagizwa wala kuruka kabla ya vibali vya mota na vya anga, na safari ya kwanza itakuwa ya mota ya I, siyo J, nikisimamiwa na mtu aliyewahi kurusha. Wiki hii fundi wa Kamukunji ananikatia reli ya alumini, na nimemwomba aifanye ya mita 3.