Siku moja maishani mwangu: sendofu, kamera tatu na fremu mbili

Saa 12 asubuhi

Chai ya rangi, maandazi, somo moja. Blackmagic Design, kampuni ya Australia inayotengeneza DaVinci Resolve, programu ninayohariria video, wameweka vitabu vyao vya mafunzo bure kwenye tovuti yao, pamoja na klipu za kufanyia mazoezi. Utaratibu wangu ni kwamba ninachosoma alfajiri nakitumia kazini siku hiyo hiyo, la sivyo hadi Ijumaa kimeshapotea. Kukata na kuunganisha nimeshazoea. Trensisheni za kuzungusha picha nazo nilishazichoka. Ninachokitafuta sasa ni yale mambo ambayo mtazamaji hayaoni, ila yakikosekana anaanza kushika simu yake.

Leo: kuoanisha kamera nyingi.

Saa 2 na nusu

Studio yetu ipo Sinza, ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Jana jioni niliiacha kompyuta ikitengeneza proksi, na imemaliza. Kwa asiyejua: kamera zetu zinarekodi 4K kwa H.265, mfumo unaobana sana kwa sababu fremu nyingi, yaani zile picha moja moja zinazounda video, hazihifadhiwi nzima, zinahifadhi tu kilichobadilika. Kompyuta ikitaka kukuonyesha fremu moja inabidi ikokotoe na majirani zake. Ndiyo maana picha inakwamakwama ukisogeza mshale. Proksi ni nakala ndogo ambayo kila fremu imekamilika yenyewe. Unahariri nayo ikiteleza, ukifika kwenye kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, programu inarudi kwenye faili halisi. Vijana wengi wanakopa hela ya kompyuta mpya kabla hawajajaribu hili.

Saa 3 na nusu

Kazi ya leo ni sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi. Kamera moja ilikuwa mbele ya jukwaa, moja inazunguka mezani, moja juu ya stendi nyuma kabisa ya ukumbi. Ukichagua kuoanisha kwa sauti, programu inalinganisha mawimbi ya sauti ya kamera zote na kuzipanga kwenye klipu moja ya pamoja. Inachukua dakika chache, na watu wengi wanaishia hapo.

Mimi naenda kwenye shampeni. Kwenye sherehe zetu hakuna kipimo kizuri kama kile kizibo: kinaonekana kikiruka na kinasikika kikilia. Nikakuza picha ya kamera ya nyuma. Kizibo kimeshatoka, mlio bado! Si hitilafu ya programu. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na kutoka jukwaani hadi kwenye ile stendi ni kama mita 30, kwa hiyo inafika imechelewa karibu sehemu 9 za mia za sekunde. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu mbili na ushee. Programu ikishapanga sauti zilingane, picha ya nyuma inatangulia. Dawa yake ni kuifungua klipu ile ya pamoja, kuchagua kamera ya nyuma na kubonyeza kitufe cha nukta mara mbili. Kila mbonyezo unaisogeza fremu moja mbele. Nikaangalia midomo ya mshereheshaji akiita kamati. Imekaa.

Fremu mbili tu. Lakini hotuba ya nusu saa yenye midomo isiyolingana na maneno inachosha, na mteja hatakuambia sababu maana haijui.

Saa 5

Hotuba ya baba. Hapa sihitaji madoido yoyote, nahitaji sauti itangulie. Nashikilia Alt, navuta ukingo wa sauti peke yake, hadi "Mwanangu..." ya mzee inasikika wakati bado tunamtazama bi harusi anayefuta macho kwa kona ya kitenge. Kisha ndiyo tunamwona baba. Tukirudi kwa binti, sauti ya baba inaendelea chini yake. Mkato wa picha na mkato wa sauti visiangukie mahali pamoja: nikiambiwa nimfundishe mwanafunzi kitu kimoja tu, nitamfundisha hicho.

Saa 7 mchana

Wali maharage. Simu inaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi nipo pale tunapopeleka friji ya zawadi tukicheza?"

"Upo, tena mbele."

"Usinikate. Ila usiniweke natafuna."

Nimemwahidi.

Saa 8

Rangi, na hapa ndipo saa zinapokwenda. Ukumbi uliwashwa taa za LED za zambarau. Zambarau tupu ikimpiga mtu usoni, rangi nyingine hazikurekodiwa kabisa, kwa hiyo huwezi kuzirudisha kwa kusogeza kipimo cha joto la rangi. Ninachofanya ni kupunguza ukali wa zambarau kwenye nodi (hatua moja ya marekebisho) yake yenyewe, kisha natafuta picha ambayo taa nyeupe ilimfikia bi harusi na kuifanya mfano wa kuzilinganisha nyingine.

Nodi ya kwanza mwanga, ya pili mizani ya rangi, ya tatu ngozi, ya mwisho kugeuza log, picha iliyorekodiwa ikiwa imefifia ili kulinda mwanga na kivuli, kuwa Rec.709, kiwango cha rangi cha televisheni. Ukirekebisha mwanga baada ya mgeuzo, gauni jeupe lililoungua kwa mwanga halirudi. Ukirekebisha kabla, nyuzi za darizi zinajitokeza tena.

Halafu ngozi. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema uso ukae karibu na asilimia 70 ya mwanga. Kipimo hicho ni cha ngozi nyeupe. Ukikifuata kwa bi harusi wetu mweusi wa kung'aa, unampaka majivu. Namwacha chini, nalinda tu ule mng'ao wa shavuni. Ule mstari wa ngozi kwenye vektaskopu, grafu ya rangi ndani ya programu, ndio wa kuamini, maana unaonyesha aina ya rangi, si wingi wa mwanga.

Saa 10 jioni

Bosi kasimama nyuma ya kiti. Anaangalia matarumbeta wakiingia.

"Dogo, punguza mwendo hapo. Punguza tena."

Tulirekodi fremu 50 kwa sekunde, taimlaini ninayopangia klipu ni 25, hivyo nusu mwendo inatoka safi kabisa. Akitaka robo iwe laini vilevile, programu lazima ibuni fremu ambazo hazikuwepo, na mikono ya mpiga ngoma inayeyuka hewani. Nikamwonyesha zote mbili. Akachagua nusu, akaenda zake.

Saa 12 jioni

Sauti kutoka kwenye mixa ya DJ, muziki chini ya hotuba, ukubwa wa sauti kwa jumla kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) hasi 14 kwa ajili ya YouTube. Kazi ya haraka kama hotuba zilirekodiwa vizuri, na hizi zilirekodiwa vizuri.

Saa 2 usiku

Inarenda. Nimejaribu kipande kwenye simu na kwenye ile televisheni ya zamani ya mapokezi, kwa sababu ukweni hawana monita ya kupimia rangi. Video nzima itakuwa kama GB 11. Bi harusi anakuja kesho saa 4 na flashi yake, nimeshamtumia ujumbe: "Dada, iformatiwe exFAT. Ikiwa FAT32 haitapokea faili linalozidi GB 4."

Kajibu: "Ndo nini hiyo?"

Basi aje nayo tu, nitaiformati mwenyewe.