Fimbo ya Jumamosi

Leo nimerudi kutoka uwanjani bega haliumi, na sababu ni fimbo moja: monopodi, ule mguu mmoja wa kubebea kamera. Naandika usiku huu huu kabla sijazoea nikasahau ilivyokuwa.

Binti yangu anacheza winga ya kushoto, timu ya chini ya miaka 13. Mechi nyingi zinapigwa kwenye kiwanja cha mchanga huku kwetu Mbagala. Yakija mashindano tunapanda daladala hadi mjini, JMK Park pale Kidongo Chekundu, kwenye nyasi bandia, na watoto siku hiyo hawalali kwa furaha. Mimi ndiye Mama Picha. Sikugombea cheo hiki. Siku moja nilipiga picha nne, nikazirusha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, basi. Sasa nisipotokea Jumamosi napigiwa simu kuulizwa kama naumwa. (Kabla ya hapo nilimwomba kocha ruhusa, na kila mzazi. Wawili walikataa, na watoto wao siwarushi kokote. Wenye kamera wenzangu, hilo tusilichukulie mzaha.)

Kamera yangu ni Canon 7D Mark II ya mtumba. Lenzi ni ile ya kuvuta mbali, 70-200 ya f/2.8, lile toleo la kwanza la mwaka 1995 lisilo na kizuia mtikisiko. Ukiziunganisha zinakwenda kilo mbili na robo hivi. Sasa kilo mbili na robo za unga ukitoka nazo dukani wala huzisikii. Hebu zishike usoni saa nzima, viwiko umevibana mbavuni, unasubiri mpira uje upande wako. Kipindi cha pili mkono unatetemeka wenyewe. Unaanza kujidanganya: ngoja nishushe kidogo, mpira uko mbali. Goli la binti yangu la mwezi wa tano nililiona kwa macho yangu, vizuri kabisa, kamera ikiwa tumboni. Aliponiuliza "Mama, umenipiga?" nikamwambia betri ilikata. Mungu anisamehe.

Mwaka jana nilinunua mguu mmoja wa kwanza, monopodi ya shilingi 35,000, kwa sababu nilitaka kitu cha bei ya chini kabisa na nikakipata. Vipande vitano, kile cha mwisho chembamba kama kalamu. Boksi limeandikwa unabeba kilo 10. Mechi ya kwanza tu, dakika kama ya ishirini, nikaona kitundu cha kamera kinashuka kutoka jichoni. Nikakifuata. Kikashuka tena, nikainama tena, mpaka watoto wa akiba pale pembeni wakaanza kucheka, wanadhani naingia kwenye rukuu. Kikomeo kinachobana vipande kilikuwa kinateleza kidogo kidogo kila nilipouegemea. Siku hizi tunautumia kufagilia utando wa buibui darini.

Kabla ya kununua mwingine nilimtafuta kaka mmoja ambaye kazi yake ni kupiga picha za mpira wa ligi. Nikamweleza nataka picha zangu zitulie. Akaomba aone picha zenyewe, akaangalia spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafumbua jicho, akasema: "Dada, hapa uko moja kwa elfu ya sekunde. Mkono wako hauharibu kitu kwa spidi hiyo. Wewe umechoka tu."

Alikuwa sahihi, na nilikuwa nimelielewa jambo lote kinyume. Saa tisa alasiri jua la Dar likiwaka, shata yangu iko 1/1000. Ikishuka chini ya 1/500 miguu ya watoto inageuka moshi, na hakuna fimbo duniani itakayomgandisha mtoto anayekimbia. Anayetikisika ni yeye. Mguu mmoja unasaidia utulivu kwenye saa kumi na mbili kasoro, jua limeshaingia nyuma ya minazi, nimelazimika kushuka hadi 1/400 na lenzi nimeivuta hadi mwisho, 200. Pia unasaidia ukimfuata winga anayekata mbio pembeni ya uwanja, unazunguka naye kama mlango kwenye bawaba. Muda mwingine wote kazi yake ni moja, kubeba. Ukibebewa, kamera inabaki usoni, na goli linakukuta uko tayari.

Basi nikaenda Kariakoo na swali jingine kabisa. Sikuuliza upi hautikisiki. Nimetaka ule utakaonibeba bila kuzama.

Kijana wa duka alinitolea mitano. Nikaufungua wa kwanza vipande vyote, nikakaza, nikaweka viganja viwili juu nikauegemea kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba.

"Mama, utauvunja!"

"Kama ni wa kuvunjika, mwanangu, bora uvunjikie kwako."

Miwili ilizama palepale. Namba ya kilo kwenye boksi sijui huwa wanaipimaje, ila tangu siku hiyo siisomi.

Akanionyesha wa kaboni, 280,000. Mzuri, mwepesi, unang'aa. Lakini huu ni mguu mmoja. Kwenye stendi ya miguu mitatu kaboni inakuokolea uzito kwa kila mguu, yote mitatu. Hapa unaokoa gramu chache za kitu ambacho kimesimama chini hata hivyo. Akaongeza kwamba kaboni haigandishi mkono wakati wa baridi. Nikamwangalia. Tulikuwa Kariakoo, mwezi wa pili, shati lake limemganda mgongoni.

Nikabaki na alumini ya 95,000, vipande vinne. Nilisumbuka zaidi kwenye vikomeo. Vile vya kuzungusha havinasi kwenye begi na ni vyepesi kukaza, ila vinameza mchanga, na kiwanja chetu ni mchanga mtupu. Vya klipu unaona kwa macho kama umefunga, na vikilegea kuna skrubu pembeni unakaza, lakini vinakamata kila kitu, hata kanga yangu. Nilichukua vya kuzungusha. Sina hakika kama nilichagua vizuri.

Kichwa, kile kiungo kinachokaa kati ya mguu na kamera, sikununua. Kijana alinisisitizia kile chenye gololi kubwa inayozunguka, 40,000 nyingine, na ndicho kingenitesa: ukikilegeza, lenzi nzito inadondoka upande kama kuku aliyechinjwa. Lenzi yangu ina kola, yaani pete inayoizunguka, yenye kijiguu chake, naifunga hapo moja kwa moja, na nikitaka picha ya wima nalegeza kola nageuza kamera. Kupanda na kushuka nauegemeza mguu wenyewe mbele au nyuma. Angalieni skrubu tu. Tundu la lenzi yangu ni la robo inchi. Skrubu ya juu ya mguu ilikuwa ile nene ya tatu ya nane ya inchi, na ilibidi igeuzwe, upande wa pili ndiko ile nyembamba ilikokuwa imejificha. Nusura niurudishe dukani kwa ujinga huo.

Nilichokuwa sikukifikiria kabisa ni ufupi. Kila mtu anauliza unafika urefu gani. Watoto wa miaka 12 ni wafupi! Ukiwapiga umesimama unapata vichwa, migongo na mchanga. Huu ukifungwa wote ni kama nusu mita, kwa hiyo leo nilibeba kigoda cha jikoni nikakaa karibu na kibendera cha kona, kamera iko usawa wa vifua vyao. Wanakuja kwangu wakubwa kama watu wazima, nyuma yao anga badala ya miguu ya wazazi. Kuna picha moja ya golikipa wetu, amefungwa bao la pili, ameshika nyavu kwa vidole, na jino la mbele halijaota vizuri. Ningekuwa nimesimama ningepata kofia yake.

Mtoto mmoja wa timu pinzani alinikaribia wakati wa mapumziko. "Shikamoo anti. Hiyo fimbo ya kuchapia?" Nikamwambia ndiyo, ya wanaokosa penalti. Akakimbia. Kipindi cha pili alikosa kweli, akanitazama mimi kwanza kabla ya kocha wake.

Tumefungwa mbili moja. Ile moja ni ya binti yangu, na ninayo: mguu wa kushoto bado uko hewani, mpira umeshapita, macho ameyafumba. Amelala na simu yangu, kaifanya picha ya ukutani.

Kipande cha chini cha mguu kimeanza kusaga nikikizungusha, krrr, kama jino lenye mchanga. Kesho asubuhi nitakifungua chote nikifute kwa kitambaa kikavu kabla sijaanza kufua jezi.