“Kwani watoto wako wana umri gani?”

Swali lenyewe liliulizwa kwa adabu, na nadhani ndiyo sababu halijanitoka rohoni. Laiti yule kijana aliyeleta mradi wa ghorofa kwenye mkutano wa mtaa angenijibu kwa kiburi, ningekuwa nimekwisha kumsahau kabla sijamaliza kupanda ngazi za jengo letu. Badala yake alisimama, akaweka kalamu mezani, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima, kisha akaniuliza mbele ya mkutano mzima: “Samahani dada yangu, kwani watoto wako wana umri gani?” Nami, niliyelelewa kujibu ninapoulizwa, nikajibu. Nikasema mkubwa yuko chuoni Morogoro na mdogo anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Watu wakacheka. Hata mwenyekiti wa mtaa alicheka, akajifuta jasho, akasema tuendelee na ajenda.

Ajenda ilikuwa kile kiwanja kilicho nyuma ya majengo yetu, upande wa kuelekea Hospitali ya Muhimbili, ambacho wasomaji wa siku nyingi watakikumbuka kwa sababu ya ule mti wa mkungu uliodondosha tawi juu ya gari la shemeji. Sasa pamesimikwa bango la bati lenye taarifa ya kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kwa herufi ndogo ambazo lazima uzisogelee hadi miguu iingie kwenye mtaro. Linalokusudiwa ni ghorofa refu: chini maegesho ya magari, juu yake maduka ya dawa na maabara, halafu hosteli ya kulipia kwa ndugu wa wagonjwa, kisha nyumba za kupangisha, na juu kabisa kile ambacho kijana alikiita bustani ya kisasa. Alituonyesha picha ukutani. Kulikuwa na miti iliyokatwa ikawa mviringo, mtoto mwenye puto jekundu, na mwanamke aliyeshika kamba ya mbwa mweupe mwenye manyoya marefu. Kwa miaka yote niliyoishi hapa Upanga, Dar es Salaam, sijawahi kumwona mwanamke huyo wala mbwa wake, lakini katika mkutano ule wao walikuwa na nafasi kuliko mimi.

Nilichosema kilikuwa kifupi: kwamba watoto wa mtaa wanahitaji mahali pa kukimbia, na kwamba pakishajengwa hapatarudi tena. Hapo ndipo nilipoulizwa umri wa watoto wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu. Nimemjibu nikiosha vyombo, nimemjibu kwenye daladala nikiwa nimebanwa mlangoni, nimemjibu masjala nikiwa na jalada la mtu mkononi, mpaka mwenzangu akaniuliza nazungumza na nani. Wiki hii mjomba amezikwa Korogwe, bosi wetu amestaafu kwa keki na hotuba ndefu, na umeme umekatika usiku wa kuamkia Jumatano tukapoteza samaki wote wa kwenye friji. Yote hayo yalinipita huku nikipanga maneno. Jibu la kwanza lilikuwa la hasira na halifai kuandikwa. La pili lilikuwa kwamba, kwa hesabu yake, mtu asiyeumwa hana haki ya kutaka hospitali iwepo. La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: ningemwuliza, na wewe mwanangu, unaumwa nini hata ukatamani kiasi hicho kujenga karibu na Muhimbili? Nimelirudia mara nyingi kwa sauti tofauti tofauti, na kila mara, kichwani mwangu, watu wanacheka upande wangu.

Lakini kazi ya masjala humfundisha mtu kwenda kwenye faili kabla ya kwenda kwenye ugomvi, na historia ya eneo letu haihitaji faili la siri. Upanga ilipanuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kuwa makazi ya Wahindi, katika mji ambao wakoloni walikuwa wameugawa kwa rangi: Uzunguni huko baharini, Uhindini katikati, na Uswahilini Kariakoo na kwingineko. Nyumba nyingi zilikuwa fupi, na nyingi zilikuwa na ua na nafasi ya upepo kupita. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Mwaka 1971 nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikataifishwa, wengi wakahama nchi, wengine wakabaki kama wapangaji wa majengo waliyoyajenga wenyewe. Nyumba ile ya ghorofa moja iliyokuwa na familia mbili leo imebomolewa, na mahali pake pana ghorofa kumi na zaidi lenye familia ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote aliyechimba mabomba ya majitaka ya mtaa huu. Wanaopita kwetu wakati wa masika wanajua matokeo yake kwa pua.

Kuna jambo ambalo hunichekesha kila nikilifikiria. Uwanda mkubwa tulionao katikati ya jiji, yaani Mnazi Mmoja, haukuachwa kwa sababu mtawala alipenda watu wapunge upepo. Uliachwa wazi ili Uhindini na Uswahilini zisigusane, katika mpango ulioanza enzi ya Wajerumani na kutekelezwa na Waingereza. Nia ilikuwa mbaya, na leo watu wanakaa pale chini ya miti wakila mihogo, watoto wa shule wanakatiza, na mnara wa Mwenge umesimama. Jangwani nako pamebaki peupe kwa sababu Mto Msimbazi hauombi kibali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumbusha hata waliokuwa wamesahau. Kwa hiyo katika jiji hili nafasi kubwa zilizo wazi ni zile zilizotokana na ubaguzi au zile zinazolindwa na maji. Nafasi ndogo kama yetu hazina mlinzi wa namna hiyo. Zina mstari tu kwenye mchoro wa mipango miji, na ingawa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya matumizi kubadilishwa, mstari ni wino, na nimefanya kazi na wino muda mrefu wa kutosha kujua kwamba juu yake huandikwa mwingine.

Niseme pia, kwa haki, kuhusu jirani wa ghorofa ya chini, yule tuliyegombana naye wakati wa mambo ya tangi la maji. Yeye anaunga mkono ujenzi kwa moyo wote. Dirisha la chumba chake linatazama kiwanjani, na hapo ndipo wanapolala ndugu wa wagonjwa waliotoka mikoani. Anasikia wanavyokohoa. Anajua nani amefiwa kabla hata ndugu zake huko kijijini hawajapigiwa simu. Asubuhi anakuta ukuta wake umelowa, na si kwa umande. Aliyasema hayo mkutanoni akitetemeka, na hakuna aliyemcheka, wala mimi sikuweza kumlaumu, kwa kuwa mimi naishi juu na harufu hainifikii. Lakini nilivyomsikiliza, kila alilolalamikia lilikuwa ukosefu wa choo na bomba. Sijaona ni kwa hesabu gani watu walipungukiwa choo wakajengewa mnara.

Alhamisi jioni, nikiwa bado na jibu langu la tatu mdomoni, nilipita kiwanjani badala ya kuzunguka njia ya lami. Ilikuwa karibu na saa za kuona wagonjwa. Kina mama walikuwa wakifunga hotipoti kwenye vitambaa, chupa za chai zimepangwa kwenye mizizi ya mkungu, na juu ya michongoma kulikuwa na shuka za wagonjwa zimeanikwa, moja ikiwa na doa la rangi ya kahawia ambalo lilikuwa limesuguliwa hadi kitambaa kikawa chepesi pale. Mzee mmoja alikuwa ameshika bahasha kubwa ya eksirei juu ya kichwa kuzuia jua la magharibi. Jua lilipopotea nyuma ya jengo aliishusha, akaifuta kwa kiganja pande zote mbili, akaiweka pembeni yake kwa uangalifu ili isikunjike.

Nilikaa kwenye jiwe karibu na mama mmoja aliyekuwa akikunja shuka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kanga yake nikalie. Akaniuliza: “Wa kwako yuko wodi gani?”

Sijui kwa nini swali lile lilinifurahisha namna ile. Nilibaki nimelishikilia kidogo kabla ya kujibu. Nilimwambia sina mgonjwa, ninaishi pale juu, nikamwonyesha dirisha langu lenye pazia la kijani. Akashtuka, akaanza kukusanya vitu vyake kana kwamba amekutwa sebuleni kwangu, akasema, “Basi tunawashukuru kwa kutuachia uwanja wenu.” Nikamshika mkono nikamwambia si wetu, mama, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, ndivyo Sheria ya Ardhi inavyosema. Akanitazama vile watu wanavyonitazama ninapoanza kutaja sheria, hata nyumbani wanajua mtazamo huo, kisha akaamua kunieleza mambo ya maana zaidi. Ametokea Kigoma na mumewe, aliyepewa rufaa ya mguu. Sasa yuko wodi ya Mwaisela. Asubuhi, alisema, mtu akae upande wa ukuta wa yule mama mwenye dirisha, maana kivuli kiko huko. Saa sita hakuna kivuli ila chini ya mkungu, na hapo wagonjwa wa kliniki waliochoka hupewa nafasi kwanza. Baada ya saa tisa watu wote huhamia upande wa lango. Maji ya kunywa hutoka kwa mama wa uji, ya kufulia hutoka kwa mlinzi wa jengo la tatu ukimwomba kabla zamu haijabadilishwa. Mimi nimekitazama kiwanja kile kutoka dirishani miaka yote hii na sikuwa najua hata kimoja kati ya hivyo.

Nilimwuliza kuhusu hosteli. Nilimweleza kwamba kuna watu wanataka kujenga mahali pazuri, penye vitanda na mabafu, karibu kabisa na hospitali. Alifurahi sana. Akauliza ni shilingi ngapi kwa usiku. Nilikuwa sijui, kwa kuwa mkutanoni hakuna aliyeuliza. Sote tuna vitanda. Akacheka kwa upole, akasema Mungu awajalie wanaojenga, akafunga fundo la shuka zake, na lango lilipofunguliwa akaenda.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, na kusema kweli jibu langu la tatu limechujuka. Nikimrudia yule kijana sasa, kwa kuwa bado namrudia, sitamani tena watu wacheke. Swali lake lilikuwa na akili kuliko alivyojua: alitaka kufahamu ni nani hasa anayekitumia kiwanja kile, na mkutano mzima uliitwa bila mtumiaji hata mmoja. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na safu ya jina, ya namba ya nyumba na ya sahihi. Mama wa Kigoma ana jina na ana sahihi. Namba ya nyumba hana, na wiki ijayo huenda yuko kwenye treni ya kurudi kwao, na mwingine atakuwa amejifunza mambo ya kivuli kutoka kwa wa tatu. Watumiaji wa kiwanja kile hubadilika kila baada ya siku chache na hawapungui kamwe, wala hakuna mkutano wa mtaa unaoweza kuwakusanya.

Barua ya pingamizi nimeianza. Aya ya watoto nimeitoa, si kwa sababu ya kicheko, bali kwa sababu watoto wa siku hizi wa jengo letu kwa kweli huchezea korido. Nimeomba mambo ambayo mtu anaweza kuyapinga kwa shida: choo cha kulipia kidogo kinachofagiliwa, bomba, mabenchi, taa, na mkungu ubaki, na dirisha la jirani lipate ukuta mrefu kidogo mbele yake, jambo ambalo nitamwomba yeye mwenyewe alitilie sahihi. Shemeji anasema nimechelewa, kwamba bango likishasimama mambo yamekwisha kuzungumzwa kwingine. Huenda. Shemeji pia alisema mkungu hautadondosha tawi.

Kinachonikosesha usingizi leo si hilo hata hivyo. Kaka amepiga simu kutoka Korogwe kwamba tangu mazishi ya mjomba, Mama ameacha vidonge vya presha. Kuna mtu msibani amemwambia vinamaliza figo, na sasa anakunywa maji ya majani fulani ambayo kaka hawezi kuyataja jina. Nimejaribu kumpigia mara kadhaa. Simu yake huizima ikifika saa moja jioni ili kutunza chaji, na asubuhi huwa ameshakwenda shambani kabla mimi sijapata mtandao kwenye daladala. Itabidi nimwombe jirani yake, ila jirani yake ndiye ninayemshuku kwa hayo majani.